Siku moja maishani mwangu: stata ya Fuso, kuanzia "tak" ya asubuhi

Saa 1:00 asubuhi

Fuso FK la zamani, injini ya 6D15, limeegeshwa nje ya geti la gereji pua ikitazama mteremko. Ukiona lori limelazwa hivyo, ujue stata, mota inayozungusha injini ili iwake, imechoka na dereva ameshazoea kulishtua kwa gia. Limeshusha nyanya za Ilula usiku, na jioni hii linatakiwa lianze safari ya kurudi Iringa.

"Fundi, nikizungusha ufunguo linasema tak, basi. Na betri mpya hizi."

Utingo anaongeza kwamba ukiigonga stata kwa nyundo linawaka. Maneno ya utingo ndiyo ya kushika. Stata inayoamshwa na nyundo, mara nyingi kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha hadi springi hazifiki tena kuzisukuma, au sahani ya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, imeungua. Ingekuwa tak-tak-tak ya haraka, ningeanzia kwenye betri, vichwa vya nyaya, na koili ya kushikilia ya solenoidi.

Saa 1:30

Hakuna kufungua kabla ya kupima. Betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, na zikiwa zimetulia mita inasoma 25.3. Dereva anazungusha ufunguo: tak, na mita inabaki juu ya 24. Hapo mita imeshasema mengi. Stata iliyokwama kwa chuma ingeangusha volti vibaya, kwa sababu ingekuwa inavuta umeme mwingi bila kuzunguka. Volti zisiposhuka, umeme haupiti kabisa. Njia imekatika mahali fulani ndani. Kwenye waya mdogo wa solenoidi napata 23.8 ufunguo ukishikiliwa, kwa hiyo swichi na rilei yake hazina kosa.

Sasa nyaya nene. Kuzipima stata ikiwa imekaa kimya ni kujidanganya: pasipopita umeme, hata waya uliooza utasoma sifuri. Utingo anagonga, stata inashika, injini inazunguka kivivu, na hapo ndipo napima. Kati ya chanya ya betri na boliti kubwa ya stata: volti 0.3, hakuna shida. Kati ya hasi ya betri na bloku ya injini: volti 1.6. Mimi huwa sitaki izidi nusu volti. Ule mkanda wa nyaya unaounganisha chesi na injini umeota ukungu wa kijani, na boliti yake imefungwa juu ya rangi. Betri zenyewe zinashuka hadi 18.4 wakati wa kuzungusha, chini mno kwa betri nzima. Kuna kitu ndani ya stata kinabana na kuifanya ivute umeme mwingi.

Mafundi wengi wangebadilisha kaboni tu na kumruhusu dereva. Angerudi baada ya wiki chache.

Saa 2:15

Waya wa hasi unatoka kwanza. Ukianza na chanya, spana ikagusa chesi, itashikana palepale kwa cheche. Nyaya za stata zinatiwa alama kwa tepu, boliti zinalegezwa, na mmoja anakaa chini yake kuipokea: ni kilo 15 hivi, ikikuponyoka inavunja vidole.

Kabla ya kuiweka mezani, tochi inaingia kwenye tundu lake ili kukagua meno ya flaiwili, gurudumu la injini linalosukumwa na stata, huku injini ikizungushwa kwa mkono. Injini ya silinda sita huwa inasimama kwenye sehemu tatu zilezile za mzunguko, kwa hiyo meno huliwa hapo hapo. Kuangalia mahali pamoja ukaridhika ni kosa. Haya yameparuzika kidogo ncha tu, yatafaa.

Saa 3:00

Alama ya patasi kwenye kichwa, bodi na kifuniko cha nyuma ili virudi vilivyokuwa, kisha tunafungua. Kwanza linamwagika vumbi jeusi la kaboni, karibu kijiko kizima. Kati ya kaboni nne, mbili zimeisha hadi waya wake unakaribia kugusa komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba zinaposugua.

Lakini sababu iko kwenye bushi, bomba fupi linaloshika shafti. Shimo la bushi ya mbele limekuwa yai. Ukishika shafti unaipeleka juu na chini kwa vidole. Ameche, sehemu inayozunguka, imeshuka ikawa inasugua vyuma vya fildi, yaani koili zilizosimama kuizunguka, na upande mmoja wake una mstari unaong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa steelwool. Kule kubana na ule umeme mwingi vimetoka hapo. Komyuteta nayo ikizunguka kwa kuyumba hurusha kaboni juu chini, zinatoa cheche, zinakwisha haraka.

Ameche inapimwa njia mbili. Taa ya majaribio kati ya komyuteta na shafti: isiwake. Kisha juu ya grola, kifaa cha sumaku ya umeme cha kupimia koili, kipande cha msumeno wa chuma kikipitishwa taratibu juu yake: kikitetemeka mahali, koili mbili zimeshikana. Hiki kimetulia mzunguko mzima. Ingetetemeka, ningeipeleka ikasukwe upya au tutafute nyingine.

Saa 4:30

Ameche inakwenda kwa fundi wa kukereza, anaondoa shaba kidogo tu hadi komyuteta iwe duara. Mwingine anaelekea Kariakoo upande wa Gerezani kwa spea, na kaboni ya zamani mfukoni. Jina la gari halitoshi dukani, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa imefungwa stata tofauti. Kaboni iende na mfano wake: upana, unene, na upande waya unapotokea.

Bushi ninazotaka ni zile za shaba ya unga iliyoshindiliwa, zenye vitundu vya kunywa oili. Akikosa, tutakereza za shaba nzima, ila hizo lazima zichongwe mfereji wa oili.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage.

Saa 7:40

Bushi hainyweshwi kwa kuchovywa juujuu. Ziba tundu la chini kwa kidole gumba, jaza oili ya injini, ziba juu kwa kidole kingine, bana kwa nguvu. Baada ya muda unaona ubavu wa nje unatoka jasho, vitone vidogo vya oili. Hapo imeshiba. Inasukumwa mahali pake kwa vaisi na kipande cha shafti cha saizi yake. Nyundo inaipasua, na kuipanua kwa rima kunaziba vitundu vyake.

Kwenye komyuteta, maika, kinachozuia umeme kati ya vipande vya shaba, imebaki usawa mmoja na shaba. Inachimbwa kwa msumeno ulionolewa, nusu milimita hivi, kisha msasa laini namba 400. Kaboni zinaungwa kwa risasi, na risasi isipande juu ya waya: waya ukikakamaa, kaboni haishuki kadiri inavyoliwa.

Bendeksi, gia ndogo ya stata na klachi yake, inafutwa kwa kitambaa kikavu tu. Ukiiosha kwa petroli au dizeli, grisi ya ndani inayeyuka, na baada ya muda utasikia stata ikilia kwa kasi bila kuzungusha injini. Kwenye solenoidi, sahani ya shaba imechimbika upande mmoja. Tunaigeuza, na zile boliti mbili za shaba tunazizungusha nusu duara zipate uso mpya.

Saa 9:00 alasiri

Stata imefungwa, imebanwa kwenye vaisi. Usiishike kwa mkono, inaruka. Kwanza waya wa kwenda kwenye mota unatolewa ili isizunguke, solenoidi inapewa volti 24 kwa sekunde chache, pinioni, ile gia ya bendeksi, inatoka. Nafasi kati yake na kizuizi cha mbele iwe milimita 0.5 hadi 2. Imesoma 2.6, tunaongeza washa chini ya solenoidi hadi isome 1.4. Kisha inazungushwa bila mzigo: ampia 78, sauti moja, hakuna mkwaruzo. Kwa stata ya ukubwa huu sipokei inayopita 100.

Saa 10:00

Inarudi garini. Mkanda wa hasi ni mpya, rangi imekwanguliwa hadi chuma cheupe pande zote mbili, na grisi imepakwa juu baada ya kukaza.

Saa kumi na nusu dereva anazungusha ufunguo, injini inawaka mzunguko wa pili. Tunaizima, tunapima tena: betri zinashuka hadi 21.2 tu, hasi volti 0.2. Anapewa mfuko wa spea zake za zamani, na utingo anaombwa airudishe nyundo mahali pake. Akizungusha sekunde kumi isipowaka, aachie, asubiri dakika moja, na atafute kosa kwenye dizeli.