Kangaja wa sebuleni

Mjomba wangu alikuwa mzamiaji huko Shimoni, upande wa samaki wa mapambo. Kazi yake ilihitaji miwani, kimia kidogo cha mkono na subira ya kumzungusha samaki mmoja kwenye matumbawe mpaka aingie bila kuumia. Hawakuwa samaki wa mchuzi hao. Walitiwa kwenye mifuko ya nailoni yenye oksijeni, wakasafirishwa kwa ndege kwenda kwa watu wenye matangi ya vioo majumbani, na siku mbili kabla ya safari walishindishwa njaa wasije wakachafua maji yao njiani. Mwenye pezi lililochanika, mnunuzi alimkataa.

Ndivyo nilivyompata kangaja wangu. Kangaja samaki, si lile chungwa dogo. Yule alikuwa wa buluu mwili mzima, uso mweusi, koo jeupe, na mgongoni pezi la manjano utadhani limepakwa rangi asubuhi ile. Kwenye shina la mkia ana mwiba mkali kama kisu. Ukimshika ovyo anakuchana.

"Mpwa wangu, huyu ana kilema," mjomba aliniambia, akaiweka ndoo chini. "Mtunze. Lakini ujue huyu ni wa mbio, hapo kwako patambana."

Nilikuwa na miaka 14. Tangi lilikuwa tayari, la futi tatu, lita 160 hivi, kazi ya fundi vioo mmoja wa Ukunda. Mjomba alikuwa amenikataza kutia samaki kabla ya mawe niliyookota ufukweni kukaa majini zaidi ya mwezi, ili vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane. Hilo nilitii. Pampu ya hewa ilinguruma sebuleni usiku kucha, na mama akasema hata baba hakoromi hivyo.

Nilimkwangulia mwani miambani kila jioni. Alikula siku nzima kama mbuzi. Maji yalikuwa yakipungua kwa joto, basi kila yaliposhuka vidole viwili nilikimbia baharini na ndoo, nikayajaza. Nilijiona fundi. Samaki wa bahari, maji ya bahari. Kuna kosa gani hapo?

Wiki ya tatu buluu yake ilianza kufifia. Akawa anasimama pembeni, matamvua yakipiga mbiombio. Mjomba alipokuja nikamwamkia, akaitikia "marahaba" bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa kioo, palipoganda ukoko mweupe. Akachovya kidole, akalamba.

"Umejaza mara ngapi?"

Nikahesabu. Zilifika ndoo mbili nzima za lita ishirini.

Akacheka, na mimi nikaudhika. Zamani alifanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, ambako maji ya bahari huachwa juani kwenye madimbwi mpaka chumvi ibaki. "Nawe umefungua shamba lako hapa," akasema. Jua huchukua maji tu. Lita ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mimi, kwa kurudisha ya chumvi pale yalipoondoka matamu, nilikuwa nimemfikisha mnyama yule kama 44. Nilitakiwa kuongeza maji ya mvua.

Tulichota ya kwenye pipa la paani, tukatia kikombe kimoja kimoja kwa siku mbili, kwani kumshtua kungemmaliza. Rangi ilirudi nusu. Siku ya tatu mjomba hakuniuliza. Alileta ndoo, akampeleka mwambani kwenye ngalawa, nami nikiwa nimenuna mbele.

Nilimwachia polepole, uso wangu ukiwa majini, nikitarajia ashukuru kwa namna fulani. Hakufika mbali. Kangaja mwingine, mkubwa, alitokea nyuma ya jiwe na kumfukuza mbio mpaka nikawapoteza wote wawili.

"Anaona amevamiwa," mjomba akasema. "Hao hawapendani."

Tuliporudi nyumbani, mama alikuwa ameshamwaga maji ya tangi na kuweka vifaranga.