Siku yangu moja chumba cha kupima mlango wa kizazi

Saa 1:30 asubuhi nishafika kituoni. Mimi muuguzi huku vijijini Tanga, chumba changu kina mama wanakiita chumba cha saratani, na wengi wanakiogopa kwa jina hilo tu. Natoa spekula zilizochemshwa, vile vifaa vya kufungulia uke ili nione ndani, naandaa siki, pamba, taa.

Saa 2 elimu kwenye benchi.

Saa 3:20 anaingia mama mmoja ana miaka 38, anasema sista mimi sina shida yoyote nimekuja kupima tu. Kuweka spekula hivi naona uchafu wa njano kama kijani una povu, na mlango wa kizazi una vidoti vyekundu. Nikachukua ute kabla sijapaka siki, alafu siki ikapakwa, nikasubiri dakika moja, hakuna weupe. Yaani dalili ya saratani haionekani, na hapo ningeweza kuandika hasi nikamwambia mama nenda salama! Ute nikaweka kwenye tone la maji ya chumvi nikakimbia nao maabara, nakimbia kweli, manake trikomona, mdudu wa zinaa asiyeonekana kwa macho, akipoa hachezi tena, na asipocheza anafanana tu na seli nyeupe. Kaka wa maabara akainama kidogo akasema sista njoo uone. Wanarukaruka na vimkia vyao, wengi. Na hata asingewaona ningemtibu, kipimo hiki kinakosa karibu nusu ya wenye ugonjwa.

Saa 4 ndo kazi yenyewe. Mama kainamia kanga, ananiuliza, kwa hiyo mume wangu ana mwanamke nje? Nikamwambia mama, huyu mdudu anaambukizwa kwa kujamiiana lakini anaweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, bila dalili, kwa hiyo nani kaanza na lini hakuna kipimo cha kusema. Ninachojua ni kwamba ukimeza metronidazo peke yako, miligramu 500 asubuhi na jioni siku 7, na baba asimeze, utarudi hapa. Na ukimwacha huyu mdudu anarahisisha HIV kuingia, na ukiwa na mimba mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya muda.

Saa 6 majibu ya pap smia, kile kipimo cha seli za mlango wa kizazi zinazopakwa kwenye kioo, yamekuja, moja limeandikwa trikomona. Kwenye kioo anakuwa na umbo la peasi, nikawaza zile za Lushoto. Nimempigia mama wa watu hapatikani, kesho najaribu tena.

Saa 8 dada wa miaka 31, kokote alikopita kapewa dawa za zinaa mara tatu, hajapona, na kila mara kasemwa. Jamani inauma. Kumwangalia ndani naona mabaka ya njano kama mchanga. Namuuliza utotoni mlichota maji wapi, anasema lambo. Hicho ni kichocho, mayai ya mnyoo yamekwama kwenye nyama ya mlango wa kizazi, hakina uhusiano na tabia yake hata kidogo! Tukampima uzito apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho. Alilia sana, nikamwacha alie.

Saa 10 rejista. Hakuna safu ya wadudu, naandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Saa 11 kasoro nafunga, getini namkuta mama wa asubuhi kashuka kwenye bodaboda na mumewe. Nikafungua mlango tena.