Kumbukumbu ya mradi, wiki ya 6: Ukingo wa nyuzi 38 ambao ramani iliuita salama

Baada ya wiki tatu za kubishana, hatimaye kikundi chetu kimeelewa kwa nini ramani yetu ya hatari ya maporomoko ya ardhi ilikuwa ikiupaka rangi ya kijani ukingo ambao sisi wenyewe tuliupanda kwa kutambaa. Kipimapembe chetu cha mkononi kilitoa mteremko wa nyuzi 38, na kompyuta ikatoa nyuzi 14 mahali palepale. Mmoja wao alikuwa anatudanganya, au ndivyo nilivyodhani.

Kosa la kwanza nalitaja haraka kwa kuwa kila aliyewahi kutumia QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, amelipitia: tulikokotoa mteremko kabla ya kuihamisha data kwenye mfumo wa viwianishi unaopimwa kwa mita, hivyo programu ikachukua umbali wa mlalo katika nyuzi za latitudo na longitudo na kimo katika mita, na nchi nzima ikawa kuta za nyuzi 89. Hilo lilirekebishwa kwa dakika kumi. Lililobaki ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu jibu la nyuzi 14 lilionekana la busara, na kosa linaloonekana la busara halimshtui mtu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwenzetu aliyeshika kipimapembe. Yeye alikuwa akilenga kofia ya mwenzake, ambaye ni mrefu kumzidi kwa sentimita 20 hivi, badala ya kulenga alama iliyo sawa na kimo cha macho yake mwenyewe. Tulimlaumu siku mbili nzima kabla mtu hajakaa chini na kupiga hesabu: sentimita 20 katika umbali wa mita 14 hazifikishi hata nyuzi moja, ilhali sisi tulikuwa tunazitafuta nyuzi 24. Tulimwomba radhi. Mshukiwa wa pili alikuwa GPS ya simu, ambayo chini ya miti huweza kukosea kwa mita nyingi. Tukasogeza nukta kila upande kwenye ramani, ambayo kompyuta huigawa katika miraba midogo, lakini hakuna mraba wowote wa jirani uliovuka nyuzi 17.

Jibu lilikuwa katika jinsi programu inavyofikiri. Data tuliyotumia ni ya SRTM, yaani vipimo vya vimo vya ardhi, iliyokusanywa kwa rada kutoka chombo cha angani Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na kila mraba wake una upana wa takriban mita 30. Ili kupata mteremko wa mraba mmoja, programu hutumia kanuni ya Horn ya mwaka 1981, inayochukua vimo vya miraba minane inayouzunguka. Maana yake ni kwamba mteremko unaosomwa hapo ni wastani wa eneo lenye upana wa mita 90 hivi. Ukingo wetu, katika sehemu yake kali, una urefu wa mita 14 tu.

Nikarudi kwenye daftari la uwandani na kuunganisha vipande vyote vitatu tulivyopima kwa futikamba kutoka juu hadi chini: mita 30 zenye nyuzi 12, mita 14 zenye nyuzi 38, na mita 40 zenye nyuzi 9. Jumla ya kupanda ni mita 21, jumla ya umbali wa mlalo ni mita 80, na wastani unakuwa nyuzi 15. Programu ilisema 14. Nilizirudia hesabu hizo mara tatu kwa furaha isiyo na kiasi, kwani hapakuwa na mwongo. Kila mmoja alikuwa amejibu swali lake.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Kwa udongo usio na mshikamano, yaani ambao chembe zake hazigandamani, kama mchanga, wenye pembe ya msuguano (pembe ambayo chembe hizo huanza kuteleza) ya nyuzi 35, mteremko mkavu husimama hadi kufikia nyuzi hizo 35, lakini ukijaa maji yanayotiririka sambamba na mteremko, tanjenti ya kikomo hicho hupungua kwa karibu nusu, na kikomo chenyewe hushuka hadi nyuzi 19 hivi. Ukiingiza nyuzi 14 katika hesabu hiyo, ukingo unapita salama hata wakati wa mvua kubwa. Ukiingiza 38, unajiuliza kwa nini bado umesimama hata ukiwa mkavu, na jibu ni mshikamano wa udongo na mizizi ya miti, vitu viwili ambavyo ramani yetu haikuvijua kabisa.

Kuhusu vifaa, nina msimamo. Kipimapembe cha kujitengenezea, chenye uzi na timazi, kimetupa majibu yanayorudiwa vizuri kuliko programu ya simu, ambayo husoma pembe tofauti kila unapobadilisha mkono. Futikamba ya kitambaa nimeipiga marufuku, kwa sababu hurefuka ikivutwa na hunywea ikilowa.

Hojaji tuliyopanga kuifanya wiki hii haikufanyika, na lawama ni zangu. Tulipokuwa tunapima upya sehemu ya juu ya ukingo, tulikuta ufa unaofuata mstari wa kontua, yaani unaokatiza mteremko kwa usawa, na pembeni yake miti iliyopinda shina karibu na ardhi kisha ikanyooka. Miti hupinda kwa sababu nyingi, lakini miti na ufa kwa pamoja vinaweza kuwa dalili kwamba udongo unateremka, na vilinifanya niisahau hojaji. Tukapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, msumari juu ya kila kimoja, na tukapima umbali kati ya misumari kwa futikamba ya chuma. Tulimweleza msimamizi wetu siku hiyohiyo, naye akaagiza kwamba tusipite chini ya ukingo, na kwamba tusiukaribie kabisa mvua inaponyesha.

Kipimo cha kwanza kilikuwa milimita 412. Baada ya siku tatu kavu kilikuwa 412. Juzi, siku mbili baada ya mvua, kilisomeka 415, ingawa aliyesoma hakuwa mtu yuleyule wa mwanzo, na tulipojaribiana tuligundua kwamba sisi wenyewe tunatofautiana kwa milimita 1 hadi 2. Jumamosi, kukiwa kukavu, atasoma mtu wa mwanzo, kwa futikamba ileile, mara tano.