Ziwa Burley Griffin: maji yaliyosubiriwa nusu karne

Mgeni anayefika Canberra hudhani kwamba mji mkuu huu wa Australia ulijengwa kando ya ziwa, kumbe ziwa ndilo lililotengenezwa katikati ya mji. Walter Burley Griffin na mkewe Marion Mahony, wasanifu majengo wa Chicago, walilichora katika ramani zilizoshinda shindano la mwaka 1912. Waliupitisha mstari wa maji ukakatiza ule wa nchi kavu unaotoka Mlima Ainslie hadi Capital Hill, ambako leo lipo Bunge. Griffin alikorofishana na watumishi wa serikali, akauacha mradi, na alipofariki India mwaka 1937 bonde la Mto Molonglo, palipokusudiwa ziwa, lilikuwa bado na malisho, uwanja wa gofu na uwanja wa mbio za farasi.

Aliyelifufua wazo hilo ni Waziri Mkuu Robert Menzies. Madaraja mawili makubwa yalikamilika kabla maji hayajafika, yakasimama juu ya bonde kavu, jambo ambalo bila shaka liliwapa wakosoaji wa mradi cha kusema. Milango ya Bwawa la Scrivener, linaloyazuia maji ya mto huo, ilifungwa Septemba 1963, lakini ukame ukaingia, na badala ya ziwa watu wakapata vidimbwi na mbu. Ilikuwa hadi mvua za mwaka uliofuata ndipo maji yakafikia kimo kilichokusudiwa, mwishoni mwa Aprili 1964, na uzinduzi rasmi ukafanyika Oktoba 17. Menzies alikataa ziwa lisiitwe kwa jina lake, akataka lipewe la Griffin. Kwa mwanasiasa, hilo si jambo dogo.

Ukitaka kulielewa ziwa hili, nenda magharibi ukalitazame bwawa lenyewe. Lina milango mitano ya chuma ambayo huinamishwa polepole mafuriko yanapokuja, maji yakamwagika juu yake, kisha ikainuliwa tena, ili kimo cha ziwa kisipande wala kushuka sana. Ndiyo maana kingo za sehemu ya kati zimeweza kujengewa kuta nadhifu, na bustani zikashuka hadi karibu kabisa na maji. Eneo la ziwa ni takribani kilomita 6.6 za mraba na mwambao wake kama kilomita 40, ilhali kina chake kwa wastani ni mita 4 tu.

Bustani hizo ndizo zinazonifanya nipende kuishi huku. Katika Commonwealth Park hufanyika Floriade, maonyesho ya maua ya majira ya kuchipua yaliyoanza mwaka 1988, lakini mimi huipenda zaidi hifadhi hiyo wageni wakishaondoka. Njia ya miguu inayozunguka beseni la kati kupitia madaraja yote mawili ina urefu wa kilomita 5 hivi. Boti za injini haziruhusiwi bila kibali, kwa hiyo asubuhi husikia makasia yakigonga maji, na mabata maji weusi hupanda nyasini na kutembea huku wakiwatazama wapita njia kama wenye nyumba.

Kasoro yake inatoka juu ya mto. Mgodi wa zamani wa Captains Flat uliacha mabaki yenye zinki na metali nyingine ambayo yaliwahi kuua samaki wa Molonglo, na mbolea pamoja na maji ya mifereji ya mitaani hulisha mwani ambao wakati wa joto hulifanya ziwa kufungwa kwa waogeleaji. Sisi tuliotoka Nairobi tunajua mambo haya yanaweza kufika wapi: Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, liliwahi kuwa na mashua za tanga, kisha likazibwa na magugu maji na uchafu unaoteremka na mto. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa kuna anayepima maji na kutangaza majibu hata yanapoaibisha, ingawa sehemu ya juu ya mto iko katika jimbo jingine, New South Wales, na mazungumzo kati ya serikali hizo mbili huchukua muda. Kiangazi mimi husoma kwanza tangazo hilo, ndipo niamue kama watoto watachukua nguo za kuogelea au baiskeli.