Mlango Wenye Goti

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, lakini siku ile tulitambaa nyuma ya malori ya shaba yaliyokuwa yakielekea Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hadi mchana ukatupita njiani. Lilipojitokeza lile bomba refu la moshi, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, goti langu bovu lilikuwa limekauka kabisa. Nikashuka nikichechemea.

Mchoraji niliyemfuata anakaa Kenya, mtaa wa hapohapo Lubumbashi, si ile nchi. Nilipobisha, sauti ikaitika: "Sukuma tu, papa. Ile mulango njo picha ya kwanza."

Kweli. Mlango uleule wa bati ulikuwa umechorwa kwenye turubai, bawaba yake ya chini imevimba kama goti la mzee. Pembeni, ngazi yenye pingili za uti wa mgongo, na bomba la maji lililokaza kama koo la mtu anayezuia kilio. Katika picha zote hakuna mtu hata mmoja. Moja tu haikunipendeza: dirisha lenye kope. Hilo hata mtoto angelibuni.

Rangi anaipaka kwa ncha za vidole. Alikuwa akimwiga mchoraji Bela, aliyechora hivyo katika Le Hangar, warsha aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville. Kisha akanionyesha kwenye simu kazi za msanii Louise Bourgeois za 1946 na 1947: wanawake wenye nyumba mahali pa kichwa.

"Huyu, nyumba ilimumeza," akasema. "Mimi natafuta kujua nyumba inaumwa wapi."

Nikawaza jinsi Kiswahili kilivyotutangulia: milango mitano ya fahamu, mlango wa kizazi, mji wa mimba. Mwili tumeujenga zamani kwa maneno. Yeye anarudi upande wa pili, anaiuliza nyumba habari za mwili. Nilipomwambia hayo alicheka, akaniletea bukari, ndio ugali wa huko, na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Tulipomaliza kula nikainuka kuaga. Goti likalia, ka!

Akageuka haraka. "Rudilia, papa."

Nikakaa, nikainuka tena. Lilipolia mara ya pili alikuwa tayari amechovya kidole kwenye rangi ya kutu, ameinamia bawaba.