Ubeti mmoja ulivyotuonyesha pa kupanda mikoko

Mwaka wa kwanza tulipanda mbegu mia tatu za mkoko, bahari ikazichukua karibu zote. Nalieleza hili kwa sababu vikundi vingi hapa Lamu bado vinapewa ushauri uleule tuliopewa sisi: okota mbegu, chomeka matopeni, piga picha.

Kati ya miti ya aina mbalimbali tuiitayo kwa pamoja mikoko, mkoko wenyewe ni rahisi, ndiyo maana kila mtu huukimbilia. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ndefu kuliko kalamu. Sisi tulizichomeka kwenye tope wazi, mwezi wa tano, upepo wa kusi umeshaanza. Bamvu la kwanza, yale maji makubwa, lilipopita nilikwenda kuhesabu zilizosimama: kumi na tisa. Mzee mmoja wa kijiji cha Matondoni, aliyekata boriti ujana wake wote, akaniambia, "Mwanangu, hapo ni pa mlilana. Mkoko hauketi mbele." Mlilana ni mti mwingine wa mikoko, na mbele ni upande wa bahari.

Baadaye nikajuana na dada mmoja mtafiti wa mikoko. Nilipomsimulia maneno ya mzee alifungua kompyuta yake, na kwenye ramani mpangilio wa miti kutoka majini hadi nchi kavu ulikuwa kama alivyosema mzee, mti kwa mti. Alishaueleza mara nyingi mikutanoni, kwa sentimita na rangi, kwa watu wanaopima mti kwa unene wa nguzo zake: pau, mazio na boriti. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na elimu ya dada huyu ilikuwa imelala kwenye ripoti.

Mimi ni mtunzi. Nikamwomba aniachie siku tatu, nikarudi na ubeti huu:

Mlilana mbele mbele
mkoko nyumaye ule
mkandaa juu kule
na mchu kando ya kaya

Alisoma akakunja uso. "Kaka, mchu huota hata mbele, karibu na maji. Mtu akiufuata huu atakosea." Nikamjibu mizani zimekamilika, nane kila kipande. Akasema mti haujui mizani. Tulibishana mpaka magharibi. Hasira zilinipanda, maana kipande kile nilikipenda, lakini alikuwa na haki. Usiku nikauacha ubeti kama ulivyo, nikafungua wa pili kwa "Mchu una pwani mbili", naye akaupitisha kila neno. Mwenye kutunga juu ya bahari na akague na mtu anayeipima, tena kabla watoto hawajahifadhi. Wakishahifadhi, humtoi mtu kosa kichwani.

Mlilana ulitutaabisha zaidi. Mbegu zake ni ndogo, zimejaa ndani ya tunda la kijani lenye nyota kwenye kikonyo, kwa hiyo ilibidi tuoteshe kitaluni kwanza. Viriba, mafuta ya boti na chai ya vijana vilikula kama elfu kumi na kitu. Tulingoja kusi litulie ndipo tukapanda, vijana wakiimba ubeti huku wakishuka kutoka kaya kwenda majini, kila kundi likisimama lilipofika mti wake.

Juma lililopita nilishuka wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana. Miche ya mlilana bado imesimama, mingi ina majani mapya, yale manene ya mviringo, na chini yake kaa wameshachimba matundu.

Sasa dada anataka mkomafi, mti mwingine wa mikoko, uingie kwenye utungo. Neno lenyewe lina mizani nne, nusu ya kipande, na bado sijapata nne za kuufuata ambazo atazikubali.