Banda la ndama Rungwe: goti lenye usaha na kitovu kilichouleta

Haya ni maelezo ya tiba ya ndama mmoja. Mgonjwa ni ndama jike, chotara wa Frizian, kilo 40 hivi, hajafikisha wiki 2. Goti la mbele la kushoto limevimba, lina moto, na mguu haukanyagi. Joto ni 40.2, wakati ndama mzima kwa kawaida haendi juu ya 39.5. Huku Tukuyu wengi wakiona hivyo husema amekanyagwa na mama yake. Kukanyagwa huleta uvimbe, lakini homa ya namna hii haitoki huko. Ndama mchanga mwenye homa na kiungo kilichovimba ahesabiwe ana vijidudu ndani ya kiungo mpaka ute wa kiungo hicho uonyeshe vingine.

Kitovu ndicho kilichotoa jibu. Ukikibana kwa vidole karibu na tumbo unakutana na kamba ngumu, unene wa kidole gumba, inayoendelea kwa ndani, na ndama anakunja mgongo kwa maumivu. Kwa umri huu kilipaswa kuwa kimekauka. Vijidudu hupandia hapo, huingia kwenye damu na kutua kwenye viungo. Ndama aliyekosa dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ya kutosha hana kinga ya kuvizuia. Watoto wa farasi nao huugua kwa njia hiyo hiyo.

Ute ulivutwa na daktari wa mifugo kabla ya dawa yoyote. Ute mzima una umanjano hafifu, unapitisha mwanga, na huvutika uzi kati ya vidole. Huu ulikuwa na ukungu, mwepesi, wenye vipande vya utando. Sampuli ikae kwenye ubaridi bila kuganda mpaka ifike TVLA Iringa, maabara ya mifugo ya serikali. Dawa ikitangulia, mara nyingi maabara haioteshi kitu.

Kuosha kiungo ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu usaha unakula gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) hata vijidudu vikishakufa. Dawa ya usingizi ni zailazini ya asilimia 2: 0.2 ml tu kwa ndama huyu. Asithubutu mtu kuchukua dozi ya farasi, ambayo ni karibu mara 10, maana ng'ombe hawaivumilii. Nyoa manyoya, sugua kwa povidoni iodini, malizia na spiriti. Kunja goti, vishimo kati ya mifupa vifunguke pembeni mwa kano ya mbele. Sindano namba 14 inaingia upande mmoja, sukuma maji ya dripu ya chumvi yaliyo safi mpaka kiungo kijae, kisha sindano ya pili upande wa pili ili yatoke. Pitisha lita 1 au zaidi mpaka yatoke safi. Yakigoma, utando umeziba sindano. Kulazimisha kwa nguvu hupeleka maji chini ya ngozi. Utando ukiwa mwingi kiasi hicho, daktari afungue kiungo kwa kisu. Kuosha hurudiwa baada ya siku 1 au 2.

Dawa: penisilini prokaini ya vipimo 300,000 kwa ml, ml 3 asubuhi na jioni, na meloksikamu, ya maumivu na uvimbe, ya mg 20 kwa ml, ml 1. Majibu yakionyesha mycoplasma, penisilini iachwe, kwani vijidudu hivyo havina ukuta ambao dawa hiyo hushambulia. Jentamisini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, hatuigusi: hukaa kwenye figo za ng'ombe kwa miezi mingi.

Panapoharibika zaidi ni muda. Ndama akianza kukanyaga, mwenye ng'ombe husema amepona na sindano zinaachwa. Uvimbe unarudi na gegedu tayari limelika. Sindano ziendelee wiki 2 hadi 3, hata akikimbia.

Kwa wanaozaliwa sasa: dang'a lita 3 hadi 4 ndani ya saa 2 za kwanza, nyingine lita 2 kabla ya saa 12, kwani baada ya saa 24 utumbo haupokei tena kinga. Kitovu kichovywe chote kwenye iodini ya asilimia 7, ndani ya kikombe. Kukipaka juu juu hakutoshi. Majani ya migomba ya kulalia yabadilishwe kila siku, maana mvua za huku hazikaushi banda.

Goti limepungua na homa imeshuka. Kamba ya kitovu bado ni nene, na isiponywea kabla dozi haijaisha itakatwa kwa upasuaji, la sivyo itaendelea kulisha usaha viungo vingine.